Wauzaji chang'aa husakwa, lakini nani hulinda pipa la methanoli?

Katikati ya Novemba 2000, wakazi wa mitaa ya mabanda ya Mukuru, mashariki mwa Nairobi, walianza kufikishwa hospitalini wakiwa hawaoni, wakitapika na kuhema kwa taabu. Wengine hawakufika. Kufikia mwisho wa mkasa huo zaidi ya watu 130 walikuwa wamefariki, mamia walikuwa wamelazwa, na baadhi ya walionusurika walibaki vipofu. Wote walikuwa wamekunywa kumi kumi, kileo kilichopata jina lake kutokana na bei yake: shilingi 10 kwa bilauri.

Kilichowaua hakikuwa mtama wala mahindi yaliyochachushwa. Ilikuwa methanoli, kemikali inayotumiwa viwandani kama kiyeyushi, yaani kimiminiko cha kuyeyushia rangi, vanishi, gundi na vitu vingine visivyoyeyuka katika maji. Mahali fulani kati ya kiwanda na bilauri, kileo hicho kilikuwa kimeongezwa nguvu kwa kitu ambacho hakikukusudiwa kamwe kuingia tumboni mwa binadamu.

Robo karne imepita tangu wakati huo, na mkasa wa Mukuru umekuwa ukijirudia kwa sura tofauti. Mwaka 2010 vifo vya aina hiyo viliripotiwa katika mtaa wa Shauri Moyo, na baadaye mwaka huo huo huko Kibera. Mei 2014 makumi ya watu walifariki katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu, Kiambu na Makueni. Februari 2024 watu 17 walifariki baada ya kunywa pombe yenye sumu katika kijiji cha Kangai, kaunti ya Kirinyaga.

Kila mara hatua zinazochukuliwa hufanana. Msako hutangazwa, mitungi humwagwa mbele ya kamera, akina mama pima hupandishwa magari ya polisi, na chifu au afisa wa kituo husimamishwa kazi. Baada ya miezi michache biashara hurudi. Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni lile la msingi: methanoli hiyo ilitoka wapi, na nani aliiruhusu kutoka?

Majirani wa viwanda

Si ajabu kwamba Eastlands imo katika historia hii. Mitaa ya Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo, Bahati na Jericho ilijengwa enzi za ukoloni ili kuwapa makao wafanyakazi Waafrika wa reli, wa baraza la mji na wa viwanda. Eneo la Viwanda liliwekwa karibu nao kwa makusudi. Baadaye, ardhi iliyobaki wazi kandokando ya mto Ngong ilijaa mabanda, na hivyo ndivyo Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Mukuru Kayaba zilivyokua. Hadi leo maelfu ya watu huamka alfajiri na kutembea kwa miguu kutoka vijumba vya mabati hadi malango ya viwanda vilivyo kando ya barabara za Lunga Lunga na Enterprise.

Viyeyushi ni sehemu ya kawaida ya uchumi wa eneo hilo. Mafundi wa kupaka magari rangi katika karakana za Kariobangi, maseremala wa Gikomba na washona viatu wa vichochoroni wote huvitegemea. Hununuliwa kwa njia halali, husafirishwa mchana, na mara nyingi hugawanywa kutoka pipa kubwa hadi mitungi midogo ya plastiki ambayo haina jina wala alama ya hatari. Kimiminiko kikishafika katika mtungi wa namna hiyo, jicho haliwezi kutofautisha methanoli na ethanoli, ambayo ndiyo kileo cha kawaida. Zote mbili ni angavu kama maji, na harufu zake hukaribiana.

Anayechanganya pombe huvutwa na hesabu rahisi. Ethanoli ya kunywewa hutozwa ushuru mkubwa wa bidhaa. Methanoli haibebi mzigo huo kwa sababu hakuna anayetarajiwa kuinywa. Kwa mfanyabiashara asiyejali, tofauti hiyo ya bei ndiyo faida yake. Kwa mnywaji, tofauti hiyo ni uhai.

Hapa pana dhana potovu inayofaa kuondolewa. Wengi huamini kuwa chang'aa huua kwa sababu ni chang'aa, yaani kwa kuwa imepikwa kienyeji kando ya mto Mathare au nyuma ya nyumba. Ni kweli kwamba kileo hicho kina madhara yake, na uchafu wa mapipa na maji yanayotumiwa si jambo la kupuuzwa. Hata hivyo, nafaka na sukari zinapochachushwa huzalisha methanoli kidogo mno. Mamia ya watu wanapoanguka katika muda wa siku mbili, maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba methanoli imemiminwa ndani kutoka nje.

Kiwango kinachohitajika ni kidogo. Mililita 10 tu za methanoli halisi zinaweza kumpofusha mtu, na takriban mililita 30, kiasi cha vijiko viwili vya mezani, zinaweza kumuua. Pipa moja la kawaida la lita 200 lina zaidi ya vipimo 6,000 vya aina hiyo. Kwa hivyo mwanya mmoja katika ghala moja unatosha kuleta msiba katika mtaa mzima.

Jinsi seli zinavyokosa pumzi

Methanoli yenyewe haina ukali mkubwa. Sumu hutengenezwa na mwili wa mnywaji. Inapofika kwenye ini, kimeng'enya kile kile kinachovunjavunja pombe ya kawaida huibadilisha kuwa fomaldehidi, na fomaldehidi nayo hugeuzwa haraka kuwa asidi ya fomiki. Asidi hiyo ni ile ile inayopatikana katika sumu ya baadhi ya chungu. Tofauti ni kwamba hapa haichomi ngozi, bali hujilimbikiza katika damu kwa sababu mwili wa binadamu huiondoa polepole sana.

Ndani ya kila seli mna vijisehemu viitwavyo mitokondria, ambavyo hutumia oksijeni kuzalisha nguvu. Asidi ya fomiki hukizuia kimeng'enya cha mwisho katika kazi hiyo. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kuwa anavuta hewa na damu yake ikawa na oksijeni ya kutosha, lakini seli zake haziwezi kuitumia. Ni sawa na nyumba yenye kuni tele ambazo moto wake haushiki.

Tishu zinazohitaji nguvu nyingi ndizo hufa kwanza. Retina na neva inayounganisha jicho na ubongo ziko mbele katika orodha hiyo, na ndiyo maana waathiriwa huona ukungu mweupe kabla ya giza. Ndani kabisa ya ubongo, sehemu zinazosaidia kuongoza mienendo ya mwili zinaweza kufa pande zote mbili, na baadhi ya walionusurika hubaki wakitetemeka na kutembea kwa shida kama wagonjwa wa Parkinson. Wakati huo damu inazidi kuwa na asidi, mgonjwa huhema kwa kasi akijaribu kuipunguza, kisha huzimia. Asipotibiwa, pumzi hukatika.

Jambo la hatari zaidi ni kuchelewa kwa dalili. Saa za kwanza mnywaji huonekana amelewa tu kama siku nyingine. Dalili kali huanza baada ya saa 12 hadi 24, na huchelewa hata zaidi ikiwa methanoli imechanganywa na pombe ya kawaida, kwa kuwa ini hushughulikia ethanoli kwanza. Mtu hulala akiwa na afya machoni pa jamaa zake, nao huyaona maumivu ya kichwa ya asubuhi kuwa uchovu wa ulevi. Saa hizo ndizo ambazo angeweza kuokolewa.

Tiba ipo, muda ndio haupo

Sumu ya methanoli ina tiba inayojulikana vyema. Kwa kuwa madhara hutokana na kazi ya kimeng'enya cha ini, daktari hukizuia kimeng'enya hicho kisiigeuze methanoli kuwa asidi. Dawa iitwayo fomepizoli hufanya kazi hiyo, na Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2013. Inapokosekana, ethanoli safi ya hospitali iliyopimwa na kusimamiwa na wahudumu wa afya hutumiwa badala yake. Mgonjwa pia hupewa dawa za kupunguza asidi katika damu, na walio hali mahututi husafishwa damu kwa mashine. Si tiba ya kujaribiwa nyumbani, maana mtu anayeongeza pombe asiyojua imetoka wapi huenda akawa anaongeza sumu ile ile.

Katika milipuko miwili ya mwaka 2014 nchini Kenya, wataalamu kutoka Norway walishirikiana na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka kufuatilia wagonjwa na kuwapa wahudumu wa afya mafunzo. Takwimu zilizochapishwa baadaye zilihusu wagonjwa zaidi ya 400, na katika kila mlipuko zaidi ya mmoja kati ya watano alifariki. Moja ya mafunzo ya kazi hiyo ni kwamba ujuzi wa kuitambua sumu mapema, hata mahali pasipo na maabara kubwa, huokoa maisha.

Kwa mkazi wa Mukuru au Korogocho, kikwazo huanza kabla ya lango la hospitali. Kipimo cha kuthibitisha methanoli katika damu hakipatikani kwa urahisi katika zahanati za mitaani, na mashine za kusafisha damu hupatikana katika hospitali kubwa, mfano wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Juu ya hayo kuna hofu. Aliyekunywa pombe haramu anajua kwamba kusema ukweli kunaweza kumpeleka korokoroni, na wenzake walioshiriki bilauri ile ile wana sababu ya kunyamaza. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini sheria inayomfanya mgonjwa kuwa mshukiwa ndiyo inayomfundisha kuficha.

Sheria iliyotazama bilauri

Serikali haijakosa sheria. Mwaka 1980 chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria maalumu. Kwa miaka 30 marufuku hiyo haikuimaliza biashara, bali iliisukuma gizani, ambako hapakuwa na mkaguzi wa ubora wala wa usafi. Agosti 2010 Rais Mwai Kibaki alitia saini Sheria ya Kudhibiti Vileo, iliyopewa jina la utani la sheria ya Mututho kutokana na aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho. Sheria hiyo ilifuta ile ya 1980 na kuruhusu chang'aa kutengenezwa kwa leseni na kuuzwa katika chupa za glasi. Pia iliharamisha kuongeza vitu vyenye madhara katika vileo.

Fikra ya kuitoa chang'aa gizani ilikuwa ya busara. Tatizo ni kwamba mpishi mdogo wa Mathare hakuwa na mtaji wa kununua mitambo, chupa na leseni. Pengo hilo lilijazwa na vileo vya bei nafuu vyenye lebo za kupendeza, na baadhi yake ndivyo vilivyohusishwa na vifo vya mwaka 2014. Wakati huo huo, katiba ya 2010 iliwapa magavana na mabunge ya kaunti jukumu la kutoa leseni za vileo, huku polisi, forodha na ukadiriaji wa ubora wa bidhaa vikibaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Pipa la methanoli hupita katikati ya ofisi hizo, na kila moja inaweza kusema kwamba ulinzi wake ni kazi ya nyingine.

Mkasa wa Kirinyaga uliionyesha kasoro hiyo waziwazi. Kwa mujibu wa serikali, pombe iliyoua ilikuwa kielelezo kilichokuwa kimehifadhiwa katika kituo cha polisi, kikaibwa na kurudishwa sokoni. Yaani sumu ilikuwa tayari imenaswa na mikono ya dola, kisha ikaponyoka. Machi 2024 aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Prof. Kithure Kindiki, alitangaza msururu wa hatua, zikiwemo kusimamishwa kwa leseni za watengenezaji wa vileo vya bei nafuu hadi wakaguliwe upya. Hatua hizo zilimlenga zaidi anayetengeneza na kuuza kileo. Anayeagiza, kuhifadhi na kugawa kemikali alibaki pembeni mwa mjadala.

Chupa ya gundi

Methanoli si kiyeyushi pekee kinachohama kutoka karakana hadi mwilini mwa maskini. Kwa miaka mingi wakazi wa Nairobi wamezoea kuwaona watoto wa mitaani wakiwa wameshikilia chupa ya gundi ya viatu chini ya pua. Gundi za aina hiyo aghalabu huwa na tolueni au heksani. Tolueni hupenya upesi katika tishu zenye mafuta, na ikivutwa kwa miaka huharibu utando unaozikinga neva za ubongo. Heksani hugeuzwa na mwili kuwa kemikali nyingine inayoharibu neva ndefu za miguu na mikono, hadi mtu akashindwa kutembea sawasawa.

Mafundi nao hawako salama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi dhidi ya kemikali hatari. Lakini fundi wa jua kali anayepuliza rangi kichochoroni, akiwa amejifunga kitambaa puani, ndiye mwajiri na ndiye mwajiriwa. Mkaguzi hafiki kwake.

Mtoto mwenye chupa ya gundi hukamatwa, naye mama pima hukamatwa. Aliyemimina kimiminiko kutoka chombo chenye lebo hadi chombo kisicho na lebo hajulikani, na sheria haimtafuti kwa bidii ile ile.

Kulifuata pipa

Hoja ya kuipiga marufuku methanoli haina mashiko, maana viwanda vinaihitaji. Wala si haki kumwona kila muuza pombe kuwa asiye na hatia, kwa kuwa wapo wanaojua wanachokiuza. Lakini wengi wao hununua mtungi uliokwisha kuchanganywa na hawana namna ya kujua kilichomo. Kumfunga wa mwisho katika mnyororo hakuuvunji mnyororo.

Jamhuri ya Czech ilipitia msiba kama huu mwaka 2012, ambapo watu karibu 50 walifariki kutokana na pombe iliyochanganywa na methanoli. Serikali yake ilisimamisha kwa muda uuzaji wa vileo vikali kote nchini, kisha wapelelezi wakaifuata kemikali kinyumenyume hadi kwa walioichanganya. Mwaka 2014 mahakama iliwahukumu vinara wawili kifungo cha maisha. Nchi hiyo ina uwezo mkubwa kuliko Kenya, lakini mbinu yenyewe haikuwa ya ajabu: walianza na chupa na hawakusimama hadi wakafika kwenye pipa.

Kenya inaweza kuanza na mambo yasiyo ghali. Methanoli inaweza kutiwa rangi na kitu kichungu kabla ya kuuzwa rejareja, ili mnywaji aitambue kwa jicho na kwa ulimi. Kila anayeiagiza na kuigawa anaweza kutakiwa kuonyesha lita alizopokea na lita alizouza, na kwa nani, na hesabu zisipolingana aulizwe. Vielelezo vya pombe yenye sumu vinaweza kuharibiwa mapema kwa amri ya mahakama baada ya sampuli kuhifadhiwa. Mgonjwa anayesema alichokunywa na alikokinywa anaweza kuhakikishiwa kwamba maelezo yake hayatageuzwa kuwa mashtaka. Na zahanati zilizo karibu na mitaa ya mabanda zinaweza kuwekewa dawa ya kuikata sumu hiyo pamoja na mafunzo ya kuitambua.

Hayo hayatamaliza ulevi wala umaskini unaouchochea. Mtu asiye na kibarua ataendelea kutafuta kileo cha bei ya chini kabisa, na mwenye tamaa ataendelea kumtafuta mtu huyo. Ila pana tofauti kati ya kileo kinachomdhuru mnywaji kwa miaka na kiyeyushi kinachomuua kwa siku moja. Tofauti hiyo haianzii katika kibanda cha mama pima, bali ghalani, kwenye daftari la anayetoa mapipa. Huko ndiko waliokufa Mukuru mwaka 2000 wangeweza kulindwa, na huko ndiko msako ujao unapaswa kuanzia.